Bamba Halikubaliani na Hesabu: Utatuzi wa Matatizo katika Utafiti wa Uzamivu wa Miundo ya Kompositi

Utafiti wa kuboresha usanifu wa miundo ya kompositi, yaani nyuzi zilizoshikanishwa kwa resini, hufanyika katika vyumba viwili ambavyo mara nyingi viko mbali. Katika kimoja, kompyuta inatafuta mpangilio wa matabaka ulio mwepesi zaidi au mkakamavu zaidi. Katika kingine, mtu aliyevaa glavu anapaka resini juu ya nyuzi, anapitisha rola, kisha anasubiri bamba ligande. Mtafiti wa uzamivu hapa Uganda hujikuta akiwa yeye huyo huyo katika vyumba vyote viwili, na tatizo linapozuka hajui aanze kulitafuta wapi. Nimeuandika mwongozo huu baada ya kupoteza miezi mingi nikirekebisha algorithimu, kumbe kosa lilikuwa kwenye mzani.

Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kutoka kwenye kipimo cha bei rahisi kwenda kwenye cha ghali: mzani na rula kwanza, hesabu ya mkono inafuata, halafu programu ya uchambuzi, na algorithimu ya kutafuta usanifu bora iwe ya mwisho kushukiwa. Wengi wetu tunakwenda kinyume chake, kwa sababu algorithimu ndiyo iliyotajwa katika kichwa cha tasnifu.

Maneno machache ya istilahi. Kwa Kiswahili "nyuzi" ni za kufumia na pia ni za kupimia pembe na joto, jambo linalochanganya sana katika somo hili. Hapa nyuzi ni za kioo, kaboni, gome au mgomba tu, na pembe nazipima kwa digrii. Ukakamavu ni ukinzani wa kitu dhidi ya kurefuka au kupinda. Nguvu ni mzigo ambao kitu kinaweza kuubeba kabla ya kuvunjika. Anayeyachanganya mawili haya atasumbuliwa na kila kinachofuata.

Dalili: bamba limetoka kwenye kalibu likiwa limepinda

Umesanifu mpangilio wenye ulinganifu, yaani nusu ya juu ni taswira ya nusu ya chini, na nadharia inakuambia kwamba bamba la namna hiyo halipaswi kupinda lenyewe linapopoa. Limepinda. Kabla ya kufungua kompyuta, liweke juu ya meza tambarare na ulitazame vizuri, kwa sababu umbo la kupinda linataja kosa.

Likiwa limejikunja kuelekea upande mmoja tu, kama kigae cha paa, kuna uwezekano mkubwa kwamba tabaka la digrii 0 na la digrii 90 yamebadilishana nafasi. Mpangilio wa 0/90/90/0 (pembe ya nyuzi za kila tabaka, kutoka juu hadi chini) una ulinganifu; ukiweka 0/90/0/90 kwa kusahau, ulinganifu umekwisha, na mnyweo wa resini unatosha kuliviringisha bamba jembamba. Likiwa limejisokota, yaani pembe mbili zinazokabiliana zimeinuka na mbili nyingine zimegusa meza, basi shuku matabaka ya +45 na -45. Kosa hili la pili ni jepesi kulifanya kuliko linavyoonekana: kipande cha kitambaa chenye nyuzi za upande mmoja kilichokatwa kwa +45 kinakuwa -45 ukikigeuza chini juu. Siku hizi ninaandika mshale na neno "JUU" kwa kalamu ya rangi kwenye kona ya kila kipande kabla hakijatoka kwenye meza ya kukatia.

Kuna chanzo cha tatu ambacho hakimo katika vitabu vya nadharia kwa uzito unaostahili. Nilimwonyesha bamba langu fundi mmoja anayetengeneza mashua za nyuzi za kioo kandokando ya Ziwa Viktoria. Alilipapasa pande zote mbili, akaligonga kwa ukucha, akasema, "Ndugu yangu, upande huu umekunywa gundi zaidi." Ndivyo ilivyokuwa. Resini hunywea inapoganda, na ya poliesta hunywea zaidi ya epoksi. Upande ulio na resini nyingi hujivuta na kuwa ndani ya upinde. Mpangilio wangu ulikuwa sahihi kabisa kwenye karatasi, lakini nilikuwa nikimwaga resini iliyobaki juu ya tabaka la mwisho ili isipotee. Pima resini ya kila tabaka peke yake, na iliyobaki iache ibaki kikombeni.

Dalili: ukakamavu uliopimwa uko chini sana ya uliokokotolewa

Hili ndilo tatizo linalowakwamisha wengi, nalo lina vyanzo vitatu vinavyoweza kutokea kwa pamoja. Vichunguze kwa mpangilio huu.

Chanzo cha kwanza ni jinsi ulivyopima kurefuka. Mashine ya kuvuta inaandika umbali ambao kichwa chake kimesogea, na mtafiti mwenye haraka huchukua umbali huo kana kwamba ni kurefuka kwa kipande. Sivyo. Mashine nayo inanyumbuka, vibanio vinateleza kidogo, na vyote hivyo vimo ndani ya namba hiyo. Chukua kipande chenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 2.5, urefu wa milimita 150 kati ya vibanio, na ukakamavu halisi wa gigapaskali (GPa) 25. Kwa mzigo wa kilonyutoni 6, kipande kinarefuka milimita 0.58 hivi. Kama mashine pamoja na vibanio vyake ina ukakamavu wa nyutoni 20,000 kwa milimita, yenyewe inajinyoosha milimita 0.30 kwa mzigo huo huo. Utasoma milimita 0.88, na utaandika kwenye tasnifu kwamba kompositi yako ina GPa 16.4. Theluthi moja ya ukakamavu imepotea, na hakuna kilichoharibika isipokuwa kipimo.

Dawa yake ni ekstensomita, kifaa cha kupima kurefuka, iliyobanwa kwenye kipande chenyewe, au geji za kubandika zinazopima kurefuka huko huko. Maabara isipokuwa na chochote kati ya hivyo, chora alama mbili juu ya kipande kwa kalamu nyembamba, simika kamera ya simu kwenye kishikilio kisichotikisika, piga picha katika kila hatua ya mzigo, kisha pima umbali wa alama kwenye picha. Ni kazi ya subira na usahihi wake una mipaka, lakini unapima kitu kinachotakiwa kupimwa. Njia nyingine ni kuvuta kipande cha chuma cha pua au alumini ambacho ukakamavu wake unajulikana, ukapata mchango wa mashine na kuutoa.

Chanzo cha pili ni kiasi cha nyuzi. Kata kipande kidogo cha bamba la nyuzi za kioo, kipime, kichome kwenye tanuri la maabara kwa nyuzijoto 565 hadi resini yote iungue, kisha pima kioo kilichobaki. Tuseme kipande cha gramu 10 kimebakiza gramu 5. Mwanafunzi anaandika kwamba nyuzi ni asilimia 50, anaingiza 0.5 kwenye fomula. Lakini fomula ya mchanganyiko inataka ujazo, haitaki uzito. Kioo kina gramu 2.55 kwa sentimita ya ujazo na epoksi iliyoganda ina 1.2 hivi, kwa hiyo gramu 5 za kioo ni sentimita 1.96 za ujazo na gramu 5 za resini ni 4.17. Nyuzi ni asilimia 32 ya ujazo. Kwa nyuzi zenye GPa 72 na resini yenye GPa 3, ukakamavu wa kufuata nyuzi ni GPa 25 hivi, ilhali ile 0.5 ilikuwa inakuahidi 37.5. Kwa kupaka kwa mkono, asilimia 30 hadi 40 ni jambo la kawaida. Makala nyingi unazosoma zimetumia vitambaa vilivyokwisha kupakwa resini kiwandani na kugandishwa kwa joto na shinikizo kubwa, na namba zao hazihamii kwenye karakana yako.

Tahadhari: njia ya kuchoma haifai kwa nyuzi za mimea, kwani zinaungua pamoja na resini. Kwa hizo, pima uzito wa nyuzi kavu kabla ya kupaka, pima bamba baada ya kuganda na kupunguzwa kingo, kisha piga hesabu.

Chanzo cha tatu ni pembe. Chukua kompositi ya kaboni na epoksi iliyozoeleka sana vitabuni, T300/5208, yenye GPa 181 kufuata nyuzi, 10.3 kukatiza nyuzi, na 7.17 ya mkato. Ukilikosea tabaka la digrii 0 kwa digrii 5 tu, ukakamavu wake unashuka hadi GPa 154. Ukikosea kwa digrii 10 unafika 108. Digrii 10 zinasikika kama uzembe mkubwa, lakini kitambaa kilichovutwa na rola kwenye kona ya kalibu kinafika hapo bila mtu kutambua. Weka protrakta juu ya tabaka baada ya kupitisha rola, siyo kabla.

Dalili: vipande kutoka bamba moja vinatoa majibu yaliyotawanyika

Kiwango cha ASTM D3039, cha majaribio ya kuvuta kompositi, kinataka angalau vipande vitano kwa kila hali, na mtafiti akipata vitano vinavyopishana sana hushawishika kukitupa kilicho mbali na vingine. Usikitupe mpaka umeona kilipovunjikia. Kipande kilichokatikia ndani ya kibanio, au karibu nacho kwa umbali usiozidi upana wake, kinashukiwa kuwa kimeuawa na kibanio. Bandika vipande vya kinga kwenye ncha, punguza shinikizo la kibanio, na hakikisha kipande hakijakaa upande.

Hapa Uganda kuna jambo la ziada, kwa sababu wengi tunavutwa, na kwa haki kabisa, na nyuzi zilizotuzunguka: za mgomba, za katani, na lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho ufundi wa kukitengeneza UNESCO iliutambua mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Lubugo linapondwa kwa nyundo za mbao, kwa mkono, mpaka gome litanuke. Ni kazi ya ustadi wa hali ya juu, lakini haikukusudiwa kuwa na unene sawa kila mahali kama kitambaa cha kiwandani. Ukilikata vipande na kuvipanga bila kuvipima, unene wa gome unaingia katika matokeo yako na kujifanya ni athari ya pembe. Ninavyofanya ni kukata miraba ya sentimita 10 kwa 10, kupima kila mraba, kuandika uzito wake kwa penseli, kisha kuipanga kwa makundi ya uzito unaokaribiana. Bamba moja hutengenezwa kwa kundi moja, na ikiwezekana kwa gome la mti mmoja.

Unyevu ni adui wa pili. Nyuzi za mimea hunywa maji kutoka hewani, na katika misimu ya mvua ya Kampala, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, nyuzi zilizokaa rafuni usiku mmoja si zile ulizozikausha jana. Maji hayo huizuia resini kushika nyuzi na huacha vitundu ndani ya bamba. Zikaushe tanurini kwa nyuzijoto 80, uzipime kila saa mpaka uzito uache kubadilika, uzifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na uzitoe wakati resini iko tayari kikombeni. Kama unazitibu kwa sodiamu hidroksidi ya asilimia 5, kama ilivyozoeleka, zisuuze hadi karatasi ya litmasi iache kubadilika rangi. Alkali iliyobaki, au loweko lililorefushwa kupita kiasi, hudhoofisha nyuzi zile zile ulizotaka kuziimarisha.

Dalili: programu inatoa jibu, lakini huna hakika kama ni sahihi

Kuna majaribio manne ambayo hayachukui asubuhi moja. Ipe programu yako matabaka yote ya digrii 0: lazima irudishe ukakamavu wa kufuata nyuzi kama ulivyouingiza. Ipe yote ya digrii 90: irudishe wa kukatiza. Ipe mpangilio wenye ulinganifu: ile sehemu ya hesabu inayounganisha kuvutwa na kupinda lazima iwe sifuri. Mwisho, ipe 0/+45/-45/90 pamoja na taswira yake, kisha zungusha mpangilio mzima kwa pembe yoyote: ukakamavu wa kuvutwa usibadilike hata kidogo. Kwa T300/5208 jibu ni GPa 69.7. Likitoka tofauti, tazama kwanza uwiano wa Poisson, yaani kiasi ambacho kitu hupungua upana kinaporefuka. Kuna wa aina mbili, na kwa kompositi hii mmoja ni 0.28 na mwingine ni takribani 0.016, ukiweka mmoja mahali pa mwenzake, programu haitalalamika. Baada ya hapo tazama ile namba 2 inayotenganisha namna mbili za kuandika mneso (mgeuko wa umbo) wa mkato, ambayo imewakosesha watu wengi kuliko wanavyokiri.

Ukitumia mbinu ya elementi finiti, inayoligawa umbo katika wavu wa vipande vidogo viitwavyo elementi, kwa mfano kwa programu ya CalculiX ambayo ni ya bure na haihitaji kununuliwa leseni, chora mishale ya mwelekeo wa nyuzi katika kila elementi. Kwenye umbo lililopinda, mishale hiyo mara nyingi imegeukia kwingine.

Dalili: algorithimu ya kijenetiki inatoa usanifu tofauti kila unapoiendesha

Algorithimu hii huzalisha mipangilio kizazi baada ya kizazi na kubakiza iliyo bora. Mwanafunzi anaiendesha mara kumi, anapata mipangilio kumi, anahitimisha kwamba algorithimu ni mbovu na anaanza kuhangaika na ukubwa wa kizazi na kiwango cha mabadiliko ya nasibu. Swali la kwanza liwe jingine: je, majibu hayo kumi yanatofautiana kwa ubora au kwa sura tu?

Fikiria bamba la matabaka 16 lenye ulinganifu, linalogandamizwa hadi lijikunje ghafla. Ukinzani wake dhidi ya kupinda unatokana na umbali wa kila tabaka kutoka katikati, ukipandishwa kwa kipeo cha tatu. Kuna matabaka manane kila upande. Tabaka la nje peke yake linachangia 169 kati ya 512 (8×8×8 ni 512, na ukitoa 7×7×7 unapata 169), yaani asilimia 33. Mawili ya nje yanachangia asilimia 58. Manne ya ndani, ambayo ni nusu nzima ya bamba, yanachangia asilimia 12.5 tu. Kwa hiyo algorithimu inapochezea yale manne ya ndani, mzigo wa kujikunja hautikisiki sana, na mipangilio kadhaa inayoonekana tofauti kabisa kwenye orodha ya pembe ni kitu kile kile kwa bamba. Mwaka 1993 Rodolphe Le Riche na Raphael Haftka walichapisha kazi yao juu ya algorithimu ya kijenetiki kwa tatizo hili hili la kujikunja, na wingi wa majibu yanayokaribiana ni tabia ya tatizo lenyewe.

Ili ulinganishe kwa haki, usilinganishe pembe. Linganisha vigezo vya laminesheni, yaani namba zinazojumlisha pembe na nafasi za matabaka, ambavyo vinne tu vinatosha kueleza jinsi bamba lenye ulinganifu linavyopinda, liwe na matabaka manane au themanini. Mipangilio miwili yenye vigezo vinavyokaribiana ni ndugu, hata kama pembe zao hazifanani.

Kisha fanya hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kwa pembe nne za kawaida (0, +45, -45 na 90) na matabaka manane huru, mipangilio yote inayowezekana ni nne kwa kipeo cha nane, yaani 65,536. Kwa nadharia ya laminesheni kompyuta ya kawaida inaweza kuimaliza yote kwa muda mfupi sana. Hata kama kila mmoja utachukua milisekunde, ni dakika moja na ushee. Huhitaji algorithimu yoyote ya kubahatisha, na utakuwa na jibu bora lililothibitishwa, ambalo utalitumia kuipima algorithimu yako kabla ya kwenda kwenye matabaka 32, ambapo mipangilio inazidi bilioni nne na kuhesabu yote kunachukua muda mrefu mno. Mtahini akikuuliza unajuaje kwamba algorithimu yako inafika kileleni, jedwali la 65,536 ndilo jibu.

Dalili: usanifu bora ni mzuri mno, au ni wa ajabu

Kompyuta imekupa matabaka yote ya ±45, au yote ya digrii 0, na uzito umeshuka kuliko ulivyotarajia. Algorithimu imejibu swali ulilouliza, na swali lilikuwa na pengo. Ukitaja mzigo wa aina moja, itapanga nyuzi zote kwa mzigo huo na kuliacha bamba liwe dhaifu kama karatasi upande mwingine. Ongeza mizigo mingine hata kama ni midogo. Weka sharti kwamba kila mwelekeo kati ya ile minne upate angalau asilimia 10 ya matabaka, na kwamba matabaka ya pembe moja yasifuatane zaidi ya manne. Haya ni masharti ya viwanda vya ndege, na yana sababu, kwani matabaka mengi ya pembe moja yaliyorundikana hupasuka kati yao.

Tazama pia kigezo cha kuvunjika. Kile cha Tsai na Wu cha mwaka 1971 kinatoa namba moja, hakikuambii kama ni nyuzi zilizokatika au ni resini iliyopasuka. Vigezo vya Hashin vya mwaka 1980 vinavitenganisha. Kwa tanki la maji, ufa wa resini ni uvujaji na ni mwisho wa tanki. Kwa mhimili mkavu waweza kuvumilika. Usimwachie mwandishi wa programu uamuzi huo.

Dalili: mkazo unapanda kila unapozidisha elementi

Kwenye ukingo ulio wazi wa bamba, mahali ambapo matabaka yenye pembe tofauti yanakutana na hewa, mikazo (mzigo kwa kila eneo) ya kati ya matabaka haina kikomo katika nadharia ya unyumbufu. Pipes na Pagano waliionyesha hali ya ukingo huo tangu mwaka 1970. Kugawanya wavu zaidi hakutakufikisha popote. Chukua wastani wa mkazo katika umbali maalumu kutoka ukingoni, utaje umbali huo kwenye tasnifu, na uutumie ule ule kwa kila usanifu unaoulinganisha.

Dalili: mbinu ya gredienti inayumba bila kutulia

Ikiwa unaongeza mzigo wa kujikunja kwa mbinu inayofuata gredienti (kasi ya jibu kubadilika kigezo kinapobadilishwa kidogo), kama ile ya Krister Svanberg ya mwaka 1987, utaona idadi ya marudio ikiongezeka huku jibu likiruka kati ya sehemu mbili. Mara nyingi ni kwamba mikao miwili ya kujikunja imefika kwenye mzigo mmoja. Algorithimu inauinua wa kwanza, wa pili unashuka na kuwa wa kwanza, na kesho yake wanabadilishana tena. Usiupe lengo mkao mmoja. Weka namba moja ya msaada, uiongeze hiyo, na uweke sharti kwamba mizigo ya mikao mitano au sita ya chini yote iwe juu yake.

Ikiwa hata mbali na hapo inayumba, kagua gredienti yenyewe kwa kubadilisha kigezo kimoja kidogo mbele na nyuma. Fanya kwa hatua kuanzia 0.01 hadi 0.00000001 na uchore tofauti. Hatua kubwa inakosea kwa ukubwa wake na hatua ndogo mno inazama kwenye makosa ya kukadiria ya kompyuta. Katikati lazima kuwe na eneo la utulivu. Lisipokuwepo, gredienti uliyoiandika ina kosa.

Dalili: umeme umekatika na hesabu ya siku tatu imepotea

Andika kila kizazi kwenye faili kinapomalizika, pamoja na mbegu ya namba za nasibu, ili uendelee ulipoachia. Kwa bamba lililokuwa tanurini hali ni ngumu zaidi: andika saa na joto umeme ulipokatika, na bamba hilo liwekee alama. Usilichanganye na mengine hata likionekana zuri.

Dalili: kazi inaendelea, lakini msimamizi anauliza jipya ni lipi

Swali hili huja mwaka wa tatu, na linaumiza kwa sababu matokeo yapo, grafu zipo, na makala moja labda imechapishwa. Chanzo chake, kwa niliyoyaona, ni kwamba utafiti umelinganisha algorithimu tatu kwa tatizo la vitabuni, na mshindi amepita wengine kwa asilimia mbili. Asilimia mbili haziwezi kuonekana kwenye bamba ambalo pembe yake inakosewa kwa digrii 5 na kiasi chake cha nyuzi kinapanda na kushuka.

Hapo ndipo ninaposhawishika kwamba watafiti tulio Uganda tuna swali letu wenyewe, lenye uzito wa uzamivu. Tunafanya kazi na vifaa vinavyotawanyika kuliko vya wengine, nasi tunajua utawanyiko huo kwa vidole vyetu. Badala ya kuuliza usanifu upi ni bora kwa namba kamili, uliza upi unapoteza kidogo zaidi namba zinapokosewa. Chukua vile vipimo vya karakana yako, tofauti ya pembe uliyoipima kwa protrakta, tofauti ya kiasi cha nyuzi uliyoipata kwa mzani, tofauti ya uzito wa miraba ya lubugo. Chukua mipangilio mia iliyo bora kutoka kwenye jedwali la 65,536, kila mmoja uukosee kwa nasibu mara elfu moja kwa kadiri ya vipimo hivyo, na uandike ukakamavu wa chini unaobaki. Ule wa kwanza katika hesabu safi unaweza kabisa kushuka nyuma ya wengine, na utakaochukua nafasi yake ndio wa kupelekwa kwenye kalibu. Tengeneza mabamba matano ya kila mmoja kati ya hiyo miwili, kwa mikono ile ile na resini ya kopo moja, uyavunje, na uweke namba zake kwenye sura ya tano.